Bungie na jembe la siku ya tatu

Agosti 2025, Sony ilipokuwa ikiwaeleza wawekezaji hesabu zake za robo mwaka, mkurugenzi wake wa fedha, Lin Tao, aligusia Bungie, studio ya kutengeneza gemu. Alichosema ni kwamba ule uhuru Bungie iliopewa wakati inanunuliwa na Sony unazidi kupungua, na kwamba studio iko njiani kuwa sehemu ya kawaida ya PlayStation Studios, kundi la studio za gemu za Sony. Wiki mbili baadaye Pete Parsons, aliyeiongoza Bungie wakati wa mauzo hayo, akaaga na kumwachia kiti Justin Truman. Novemba Sony ikashusha thamani ya mali zake zinazotokana na Bungie kwa yen bilioni 31.5, yaani dola milioni 200 na ushee, kwa sababu gemu ya Destiny 2 haikuingiza ilichotarajiwa. Wapenzi wa gemu wakahitimisha wanavyohitimisha siku zote: mkubwa kamla mdogo, ahadi ya uhuru ilikuwa chambo.

Hadithi hiyo naona inasomwa kuanzia ukurasa wa mwisho. Bungie iliuweka uhuru wake rehani miaka kadhaa kabla Sony hajabisha hodi, siku ilipojifunga kwenye aina ya gemu isiyoisha, inayodai mishahara ya mamia ya watu mwezi baada ya mwezi, iuze isiuze. Sony alikuja kuikomboa rehani kwa bei ya kutisha, na kwa muda akaitendea Bungie kama mgeni. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ununuzi ulikamilika Julai 2022. Hesabu mwenyewe.

Ili jambo lieleweke inabidi turudi Chicago, mwaka 1991, Alex Seropian alipoanzisha Bungie na muda si mrefu akaungana na Jason Jones. Walikuwa wachache, wakitengeneza gemu za kompyuta za Macintosh wakati ambapo karibu kila mtu mwingine alikuwa anakimbilia Windows. Gemu yao ya Marathon ya 1994 ikawapa jina. Kisha, mwishoni mwa 1998, likawapata la kuwapata. Gemu yao Myth II ilikuwa tayari imeshachapwa kwenye diski na kuwekwa kwenye maboksi ndipo ikagundulika kasoro katika programu ya kuiondoa: mtu akiwa ameisakinisha kwenye mzizi wa diski yake, siku akitaka kuiondoa, inaondoka pamoja na kila kilichomo humo. Picha, barua, kazi za ofisi, vyote. Bungie wakaamua kuyarudisha maboksi yote na kuchapa upya, kwa gharama iliyotajwa kuwa karibu dola 800,000. Kwa kampuni ya kiasi kile, hilo ni pigo la kuvunja mgongo. Mwaka uliofuata wakaiuzia kampuni ya gemu ya Take-Two asilimia 19.9 ya hisa zao, na Juni 2000 wakauzwa wazima kwa Microsoft, iliyokuwa inahitaji gemu ya kuuzia mashine yake mpya, Xbox.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinaonyesha studio huru hupotezaje uhuru wake. Hakuna aliyekuja na mabavu. Walifanya jambo la heshima kwa wateja wao, likawagharimu pesa ambazo hawakuwa nazo. Studio huru kwa kawaida haina akiba ya kumeza kosa moja kubwa, na ikikosea hutafuta mwenye akiba. Kilichofuata kinajulikana: gemu yao ya Halo ikatoka Novemba 2001, ikaibeba Xbox mabegani. Mwaka 2007 Bungie ikafanya kitu adimu katika biashara hii, ikajitoa Microsoft na kuwa huru tena. Lakini Halo ilibaki kwa mwenye nyumba. Waliondoka na watu na jina la kampuni, kazi ya mikono yao ya miaka yote ile wakaiacha mlangoni. Mwaka 2010 wakaingia ubia wa miaka kumi na Activision, kampuni ya kuchapisha gemu, safari hii wakihakikisha kazi mpya, Destiny, inabaki mali yao, na Januari 2019 wakaachana na Activision mapema wakiwa wameishika mkononi. Kwa muda mfupi Bungie ilikuwa na vyote viwili, kampuni na mali yake, na ilistahili pongezi zote ilizopata.

Sasa tuitazame mali yenyewe. Destiny 2 si gemu unayonunua, ukaimaliza, ukamwazima jirani. Ni dunia ya mtandaoni inayopaswa kuongezewa vitu kila msimu: misheni mpya, silaha mpya, hadithi inayoendelea. Msimu ukichelewa, wachezaji wanahamia kwingine na pochi zao zinahama nao. Kutoka 2019 sehemu ya msingi ilitolewa bure, kwa hiyo pesa nyingi ikawa inategemea nyongeza. Na dunia yenyewe ilikuwa nzito kiasi kwamba Novemba 2020 Bungie iliondoa sehemu nzima za zamani, ikiwemo hadithi ya mwanzo ambayo watu walikuwa wameilipia, kwa maelezo kwamba haiwezekani kuendelea kuibeba na kuitunza yote. Umenunua nyumba, fundi anakuja kubomoa sebule kwa kuwa hana nafasi ya kuhifadhi matofali ya chumba kipya.

Mtaani kwetu Sinza kuna kibanda cha gemu chenye televisheni nne, na kijana anayekiendesha aliwahi kunieleza jambo hili vizuri kuliko mchambuzi yeyote. Nilimuuliza kama ana Destiny. Akacheka. Hapa, akasema, ni mpira tu, mechi moja shilingi mia tano, na akanyoosha padi iliyofungwa kwa gundi ya karatasi. Gemu inayotaka bando muda wote na inayobadilika kila wiki haina faida kwake. Mpira wa mwaka juzi bado unamlipia pango. Biashara yake inasimama juu ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Bungie inasimama juu ya kitu ambacho hakitakwisha kutengenezwa kamwe, na gharama ya kutokwisha huko inalipwa kila mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo Sony alipoikuta. Januari 2022 ilikuwa Januari ya wendawazimu. Tarehe 10 Take-Two ilitangaza kuinunua Zynga kwa dola bilioni 12.7. Tarehe 18 Microsoft ikaja na Activision Blizzard, bilioni 68.7. Tarehe 31 Sony akatangaza Bungie, bilioni 3.6. Wengi wakaona ni kujibu mapigo. Sony alikuwa na hesabu nyingine: alitaka kuwa na gemu zaidi ya kumi za aina hii isiyoisha ifikapo Machi 2026, na nyumbani kwake hakuwa na watu wa kutosha wanaojua kuziendesha. Alinunua ujuzi. Ndiyo maana takriban theluthi ya fedha zile, dola bilioni 1.2, zilitengwa kama malipo ya awamu kwa wafanyakazi wenye hisa na motisha za kuwabakiza, kwa sharti kwamba wasiondoke, na sehemu kubwa ya malipo hayo ilipangwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Unaponunua kiwanda, mashine hazihitaji kubembelezwa zibaki. Ukinunua vichwa vya watu, kila asubuhi vinaweza kupanda basi na kwenda kwingine.

Pamoja na fedha ikaja ahadi: Bungie itabaki na uongozi wake, itaendelea kujichapishia gemu zake, na kuziuza hata kwenye mashine za washindani. Basi ikaanza kuishi kama iliyopata mjomba tajiri. Wakati wa mauzo ilikuwa na watu zaidi ya 900. Miaka miwili baadaye walikuwa karibu 1,300. Miradi mipya ilikuwa inaatamiwa kwa wakati mmoja, Marathon inafufuliwa, Destiny 2 inaendelea kudai chake. Februari 2023 nyongeza ya Lightfall ikapokelewa vibaya na mapato yakaripotiwa kuwa chini sana ya makadirio. Oktoba mwaka huo watu wapatao mia wakapoteza kazi. Tarehe 31 Julai 2024 wengine 220 wakaambiwa kwaheri, asilimia 17 ya wote, na 155 wakahamishiwa kwa Sony moja kwa moja. Inauma zaidi kwa kuwa wiki chache tu nyuma, Juni, walikuwa wametoa The Final Shape, nyongeza iliyosifiwa kuliko nyingi walizowahi kutengeneza.

Wanaoilaumu Sony wana hoja, na si hoja ndogo. Mwenye mali ndiye aliyechora mpango wa gemu zaidi ya kumi kisha mwishoni mwa 2023 akaukata nusu. Ndiye aliyeitoa Concord, gemu ya mtandaoni, tarehe 23 Agosti 2024 na kuizima tarehe 6 Septemba, wiki mbili kamili, akarudishia watu pesa zao na baadaye kuifunga studio iliyoitengeneza. Mtu aliyekosea namna hiyo kuhusu soko hana haki ya kumwangalia Bungie kwa jicho la hakimu. Upande wa pili, wanaoulaumu uongozi wa Bungie nao hawakosei. Parsons mwenyewe, katika barua ya kutangaza punguzo la 2024, alikiri kwamba walijitanua kwenye miradi mingi kuliko uwezo wao. Hakuna Mjapani aliyewalazimisha kuajiri. Pande zote mbili zinaweza kuwa na hatia kwa pamoja, na naamini ndivyo ilivyo. Ila zote mbili zinazungumzia nani aliliendesha gari vibaya, wakati ninachoulizia mimi ni kwa nini gari lilihitaji dereva mwingine.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba Bungie walihadaiwa. Sisi tuliokaririshwa historia shuleni tunaye Chifu Mangungo wa Msovero, aliyetia alama kwenye karatasi ya Karl Peters mwaka 1884, na mpaka leo mkataba wowote wa hovyo nchini tunauita wa Kimangungo. Mfano huo haukai hapa hata kidogo. Hawa walikuwa watu walioshakuwa ndani ya Microsoft miaka saba, wakaishi na Activision karibu miaka tisa, wakatoka kote kuwili wakiwa hai. Walikuwa na mawakili, walikuwa na mali yao mkononi, na walisoma kila herufi. Pengine hakuna studio duniani iliyowahi kuketi meza ya mazungumzo ikiwa na uzoefu zaidi wa kununuliwa na kuachana. Kusema walihadaiwa ni kuwavunjia heshima, na vibaya zaidi, ni kuifundisha studio nyingine kwamba dawa ni kutafuta mnunuzi mwema.

Kuna jambo ambalo mjadala unalikanyaga bila kuliona. Neno uhuru katika mikataba hii linafunika vitu viwili. Kimoja ni uhuru wa kuuza: gemu yako itatoka kwenye mashine zipi, kwa jina la nani. Cha pili ni uhuru wa kutumia: uajiri wangapi, uchelewe kwa muda gani, uanzishe mradi ambao huenda usizae chochote. Kile cha kwanza Sony ameheshimu. Destiny 2 imeendelea kuchezwa kwenye Xbox, na Marathon mpya ilitangazwa kwa Xbox na kompyuta sambamba na PlayStation 5. Kwa kampuni iliyojenga jina kwa kuwafungia wateja gemu zake, hilo si dogo, na wanaosema ahadi zote zilivunjwa hawalitaji. Cha pili ndicho kilichoondoka. Na ndicho chenye maana, kwa kuwa studio inayoruhusiwa kuuza popote lakini haiamui lini kazi yake iko tayari ni kama mkulima aliyeachiwa achague soko, lakini tarehe ya kuvuna anapangiwa. Marathon ilikuwa itoke Septemba 2025, ikaahirishwa baada ya majaribio kupokewa kwa baridi na baada ya Bungie kukiri kwamba kazi za msanii mmoja zilitumiwa ndani yake bila ruhusa. Ikasogezwa hadi Machi 2026, ambao ni mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha wa Sony. Sisemi zaidi ya hapo.

Pingamizi zito dhidi yangu linatoka kwingine. Kama tatizo ni gharama, basi studio yenye gemu nzuri na ya gharama ya kiasi ingekuwa salama chini ya mwenye mali. Haiko hivyo. Tango Gameworks ya Tokyo ilitoa Hi-Fi Rush Januari 2023, gemu fupi, ya kuchangamsha, iliyosifiwa na kushinda tuzo. Mei 2024 Microsoft ikatangaza kuifunga. Hapakuwa na watu 1,300 pale, wala dunia isiyoisha. Krafton ya Korea Kusini ndiyo iliyokuja miezi michache baadaye kuiokoa. Nakubali kwamba ukishauzwa, ubora wa kazi yako ni kinga dhaifu. Lakini mfano huo unaimarisha ninachosema kuhusu wakati kabla ya kuuzwa, maana mtu aliyejua hivyo angejitahidi asifike mnadani kabisa. Larian ya Ubelgiji ilitumia miaka mingi kutengeneza Baldur's Gate 3, ikaitoa 2023, ikauza mamilioni, kisha ikatangaza kwamba haiendelei nayo na inaanza kitu kingine. Tencent ina hisa humo, ila usukani bado anao mwanzilishi wake, Swen Vincke. Aliweza kusema imetosha kwa sababu alitengeneza kitu chenye mwisho. Bungie haiwezi kutamka neno hilo; siku ikilitamka, mapato yake yanakatika.

Na kuna ushahidi kwamba hata ndani ya familia ya Sony jambo hili lilieleweka. Naughty Dog, studio nyingine ya Sony, walikuwa wanatengeneza toleo la mtandaoni la gemu yao The Last of Us, na iliripotiwa kwamba Bungie waliombwa kulikagua, wakawa na mashaka kama lingeweza kuwashikilia watu kwa muda mrefu. Desemba 2023 Naughty Dog wakalifuta, na sababu waliyotoa ilikuwa ya wazi kuliko kawaida ya matangazo ya kampuni: kuliendesha kungehitaji nguvu yote ya studio kwa miaka, na wasingeweza tena kutengeneza gemu za mchezaji mmoja zilizowapa jina. Kumbe ujuzi ulionunuliwa kwa mabilioni ulitumika, angalau mara hii, kumweleza mnunuzi kwamba biashara aliyoitamani ni kinu kinachosaga wasagaji. Ukiniuliza mimi, ule ndio ushauri wenye thamani kuliko wote ambao Sony alipata kutoka Bungie, na sijui kama kuna mhasibu aliyeuingiza kwenye vitabu.

Haya yote yanatuhusu kwa njia iliyo karibu zaidi kuliko inavyoonekana. Sony tayari iko barani. Mwaka 2023 ilianzisha mfuko wa uwekezaji kwa ajili ya Afrika, na Januari 2024 ikaweka fedha Carry1st ya Cape Town, inayochapisha gemu za simu na kushughulikia malipo ya wachezaji wa huku. Kuwekeza si kununua, na sina ugomvi na fedha hizo. Vijana wanaotengeneza gemu Nairobi na Dar es Salaam wamekaa vya kutosha bila mtaji. Ila siku mgeni akifika na karatasi, mazungumzo huwa yanazunguka asilimia ngapi ya hisa na nani anabaki mkurugenzi. Kwa kufuata njia ya Bungie ningeuliza kwanza mambo ambayo hayamo kwenye karatasi: gemu yenu ina mwisho? Mkikosea mara moja, kama maboksi yale ya Myth II, mna miezi mingapi ya mishahara benki? Na watu mnaotaka kuwaajiri kwa fedha hizi mpya, nani atawalipa zikikwisha? Studio ya watu saba yenye majibu hayo inaweza kuuza nusu ya hisa zake ikabaki na sauti. Studio ya watu mia isiyo nayo inaweza kumiliki kila hisa na bado ikaishi kwa hisani ya yeyote atakayepiga simu.

Kwa Bungie yenyewe, kushushwa thamani kule kwa Novemba sikukuona kama hukumu ya kifo. Kampuni kubwa husafisha vitabu kwa sababu nyingi, na Sony bado ina sababu ya kuihitaji studio hii kama Marathon itapata watu wake. Ninachokisubiri mimi kiko kwenye ile bilioni 1.2 ya kuwabakiza. Sehemu kubwa ilipangwa kulipwa ndani ya miaka miwili, na miaka miwili iliishia Julai 2024, mwezi uleule ambao milango ilifunguliwa kuwatoa 220. Waliobaki ofisini Bellevue sasa wengi hawashikiliwi na awamu zile; wanashikiliwa na mshahara, na pengine na mapenzi ya kazi. Mwaka 2007 watu wa Bungie waliondoka Microsoft bila Halo, wakaanza upya na vichwa vyao tu. Safari hii wakiamua kuondoka, Destiny na Marathon zitabaki kwa Sony, na Sony atazitazama zikiwa kwenye rafu bila wa kuziendesha.